Majibu mawili ya HPV kwa saratani moja ya koo: ulizeni kwanza kinyama kilitunzwaje

Pole sana mkuu kwa kuuguliwa na mzee. Umeuliza inakuwaje kinyama cha findo la koo kipimwe mara mbili, maabara ya kwanza iseme hakuna HPV (kirusi kinachoweza kusababisha saratani), ya pili iseme kipo. Kazi yangu ni kuandaa vinyama katika maabara ya patholojia, na majibu yakigongana hivi, kitu cha kwanza ninachouliza ni kinyama kilipitia mikono gani.

Nyama ikishatoka mwilini huanza kuharibika papo hapo. Kinachoizuia ni dawa ya kuhifadhi, formalini ya asilimia 10, iliyotiwa chumvi za kuizuia isigeuke asidi. Tatizo ni kwamba formalini huingia taratibu, takriban milimita moja kwa saa. Findo zima likitumbukizwa kwenye kopo dogo bila kupasuliwa, nje kunaiva, katikati kunabaki kubichi. Slaidi za hivyo nimeziona: ukingoni rangi ya p16 (protini inayotumika kama dalili ya HPV) imekolea kahawia, ukiisogeza kuelekea katikati inafifia mpaka inapotea. Na p16 huitwa chanya pale tu angalau asilimia 70 ya seli za saratani zimeshika rangi vizuri, kwenye kiini na nje yake. Hapo jibu linaweza kugeuka bila mtu yeyote kukosea kusoma.

Halafu p16 si kirusi. Ni protini ya seli zetu wenyewe ambayo hupanda HPV inapovuruga breki za seli. Kirusi chenyewe hutafutwa kwa vinasaba, mara nyingi kwa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha vinasaba mpaka kionekane), na huku formalini ina madhara yake: nyama ikilowekwa muda mrefu mno, au formalini ikiwa imechakaa na kuwa na asidi, vinasaba hukatikakatika. Kipimo kinachotafuta kipande kirefu hakitaona kitu. Kinachotafuta kifupi kitakiona, kwenye kinyama kilekile. Ndiyo maana maabara makini hupima pia jeni ya binadamu kutoka sampuli hiyohiyo, kuona kama vinasaba bado vinasomeka. Jeni hiyo isipoonekana, jibu la haki ni "sampuli haifai", siyo "hasi". Hili naomba ulishike, maana mgonjwa anayepewa hasi ya namna hiyo anadhulumiwa.

Kama kulikuwa na mfupa ukalainishwa kwa asidi kali, vinasaba huumia zaidi. EDTA, kemikali nyingine ya kulainishia mfupa, ni ya polepole lakini ni salama zaidi. Makosa huenda upande wa pili pia: kisu cha kukatia kisiposafishwa au kubadilishwa, chembe za mgonjwa mwingine zinaweza kuzaa chanya ya uongo kwenye PCR. Na kama maabara moja ilipima majimaji ya sindano kutoka tezi ya shingo, seli zikahifadhiwa kwenye spiriti, usilinganishe moja kwa moja. Ile asilimia 70 iliwekwa kwa vinyama vya formalini.

Kwa mzee, omba kwa maandishi: je, maabara zote mbili zilitumia bloku moja ya nta (kipande cha nta ambamo kinyama hugandishwa)? Kinyama kilikaa kwenye formalini saa ngapi? Chanya ya maabara ya pili ni ya p16 au ya kirusi chenyewe? Jeni ya binadamu ilionekana? Bloku huhifadhiwa, kwa hiyo daktari wa patholojia anaweza kuipitia upya. Matibabu yasisimame kungojea hilo: HPV chanya kwenye mafindofindo huashiria matumaini makubwa zaidi ya kupona, ila nje ya tafiti dozi hazipunguzwi kwa sababu hiyo.