Kabla hujashika bisibisi: RAM na ndugu zake, kwa mafundi wapya

Wadogo zangu, nawapenda, lakini wiki hii mmenipandisha presha. Mteja kaja na laptopu inayolalamika kwamba C, yaani hifadhi ya diski, imejaa, mmoja wenu kamuuzia RAM ya GB 8, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. Mteja kaondoka anacheka, kesho yake karudi kanuna, na C bado nyekundu. Basi someni, maana koo limeshanikauka kwa kurudia.

1. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kimelemewa, kwanza, mdomo baadaye. Kama Memory (ndiyo RAM) imegonga asilimia 90 na mteja kafungulia Chrome kurasa za kutosha kijiji, hapo RAM itamsaidia. Kama Memory imetulia ila Disk imeganda kwenye 100, na ndani mna diski ya kuzunguka, mwekee SSD, diski ya chipu isiyozunguka, atakuombea dua. Na ile diski ya GB 500 kusoma 465 si wizi: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

2. RAM ina vizazi, na DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4. Pengo lake limewekwa sehemu nyingine makusudi, kwa hiyo ikigoma usiikandamize kama mtu anayefunga sanduku la bweni. Angalia na volti: DDR3 ni 1.5, DDR3L 1.35, DDR4 1.2, DDR5 1.1. Laptopu nyingi zinazotaka DDR3L hazitawaka ukizipa DDR3 ya kawaida. Soma stika, PC3 na PC3L zinatofautiana kwa herufi moja tu, na muuza mtumba hana haraka ya kukuonyesha.

3. RAM inasahau. Mnalijua hilo kwa ajili ya mtihani. Mimi nililijua hivyohivyo. Kila biti ni chaji kidogo kwenye kapasita inayovuja, ndiyo maana mashine huijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Ni ubunifu wa Robert Dennard wa IBM, hataza yake ilitoka 1968. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza.

Sasa, mwalimu mmoja aliniletea laptopu nimuongezee RAM. Alikuwa ameifunika tu, hakuizima. Taa ya ubavuni ilikuwa inapepesa polepole, na niliiona. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaipindua, skrubu chini, betri nje, kipande kipya ndani, nikajiona bingwa. Kuiwasha, Windows ikaanza mwanzo kabisa. "Fundi, alama zangu ziko wapi?" Alikuwa ameingiza alama za kidato kizima kwenye programu ya zamani isiyojihifadhi yenyewe, na tangu asubuhi hakuwa amebonyeza Save.

Nikaanza kupekua. Folda za Temp na AppData, programu ya kufufua faili. Najua kabisa sitapata kitu, kwa kuwa faili halikuwahi kuwapo. Alama zilikuwa ndani ya RAM peke yake, nami nilizikata roho kwa mkono wangu. Nilipekua ili nisimtazame usoni. Kisha nikamwambia, "Mwalimu, mashine yako ina virusi." Sentensi hiyo inaniuma kuliko alama zenyewe.

Bahati, karatasi za mtihani alikuwa nazo kwenye mfuko. Akakaa kwenye benchi langu akaanza upya, mimi nasoma alama, yeye anaandika. Tulipofika katikati nikashindwa kuvumilia, nikamweleza ukweli. Akaacha kuandika, akanitazama kwa muda, akasema, "Endelea kusoma."

Taa ikipepesa, mashine imelala tu: iamshe, mteja ahifadhi kazi yake, uzime kabisa. Hibernate ni habari nyingine, ile huandika kila kitu kwenye diski. Kwa Windows 8 na kuendelea, shikilia Shift unapobonyeza Shut down, maana Fast Startup haizimi yote.

4. Kutoa betri ya CR2032, ile kama sarafu kwenye bodi, hakufuti BIOS, programu inayoamsha mashine. Kunarudisha mipangilio na kuvuruga saa, basi. Programu yenyewe iko kwenye chipu isiyohitaji betri. Aliyeitoa "kuua virusi" anajijua.

5. Kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi, ni SRAM (RAM isiyohitaji kujazwa upya kila mara) iliyomo ndani ya prosesa. Acheni kumwahidi mteja kwamba mtamuongezea.

6. Flashi ya "TB 2" kwa bei ya sahani ya chipsi mayai imedanganywa kwenye kontrola, chipu inayoiambia mashine ujazo wake. Itapokea kila picha ya harusi, lakini zikipita ujazo wake halisi hazitafunguka. Ipime kwa programu ya H2testw kabla hujamkabidhi mtu.

Simu za "RAM 4+4" nazo, zile nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa. Mteja akibisha, ingia naye kwenye mipangilio. Simu nyingi zina kitufe cha kuzizima.