Kumpima mzazi presha nyumbani

Mama yangu ana presha ya kupanda, na kwa muda mrefu alimeza dawa siku za kelele tu: wajukuu wakigombana, mpangaji akichelewesha kodi, kichwa kikigonga. Siku za utulivu kidonge kilibaki kwenye pakiti. Wazee wengi hufanya hivyo, wakiamini presha huja na mawazo na kuondoka nayo. Hasira kweli hupandisha namba kwa muda, lakini ugonjwa wenyewe umo kwenye mishipa hata mtu akiwa anacheka, na mara nyingi hauna dalili yoyote. Ndiyo maana kiharusi huonekana kimekuja ghafla.

Kwa hiyo, ukiishi na mzazi mwenye presha, nunua mashine, ile ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko. Za kufunga kama saa hukosea kwa urahisi. Angalia pia unene wa mkono wake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko hali halisi.

Kabla ya kupima, aende haja ndogo. Chai, kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini bila kukunja nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo, mkanda ukae kwenye ngozi na si juu ya sweta. Atulie dakika 5. Na asiongee! Mama hupenda kusimulia mashine ikijaza upepo, nami humwomba anisubiri, kwani maongezi pekee hupandisha namba. Pima mara 2, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kisha andika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo lililombadilisha Mama. Aliona kwa macho yake namba zikiwa juu siku ambazo alijisikia mzima kabisa, na tangu hapo anameza dawa kila siku. Mpelekee daktari daftari hilo. Dozi aibadilishe yeye, si jirani.

Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, na mzazi ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, haoni vizuri, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, msikae mkisubiri ishuke. Tafuteni gari, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.