Udongo mweusi juu ya maramu: je, nyasi zitashika?

Swali: Bwana shamba, habari za kazi. Nimemaliza kujenga Bugembe, karibu na Jinja. Kompaundi yangu, yaani uwanja wa nyumba, ni kama mita 10 kwa 10, na wajenzi waliijaza maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe wa kujengea barabara, wakaishindilia. Fundi wa bustani anasema nimwage tipa moja ya udongo mweusi juu yake, nitie chokaa kwa kuwa udongo wetu ni mchachu, halafu tupande nyasi za paspalamu mvua za Machi zikianza. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, dada yangu. Piga hesabu kwanza: tipa ya mita 4 za ujazo ikitandazwa kwenye mita 100 za mraba inakupa sentimita 4 tu. Chini ya hapo ni maramu ngumu kama barabara. Mvua ikinyesha, maji yanagota pale na kutuama, mizizi inakosa hewa. Jua likiwaka, tabaka hilo jembamba linakauka upesi. Paspalamu inasifiwa kwa kuvumilia kiangazi kwa sababu mizizi yake hushuka mbali, na wewe utakuwa umeizibia njia.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye sururu, si kwenye tipa. Toa sentimita 15 za maramu, upate na nafasi ya udongo mpya bila kuinua uwanja hadi usawa wa sakafu. Kisha vunja sentimita 15 nyingine zilizo chini. Changanya theluthi ya udongo mweusi na hiyo maramu iliyovunjwa, ndipo utandaze uliobaki juu. Usiache mpaka mkali kati ya udongo huu na ule, maana maji husimama hapo hapo. Samadi tandaza kama sentimita 3, uichanganye na udongo wa juu. Ya kuku wanaolalia maganda ya kahawa ni nzuri sana, ila iwe imeoza kabisa. Mbichi huunguza mizizi.

Chokaa usitie. Ni kweli udongo mwekundu wa kwetu mara nyingi ni mchachu, lakini paspalamu inaupenda uchachu wa wastani, yaani pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni mchachu) ya 5.5 hadi 6.5. Ikizidi 7, mmea hushindwa kupata madini ya chuma na majani hugeuka manjano. Tena wewe una mabaki ya saruji kuzunguka nyumba, nayo ni chokaa tosha. Yaokote yote, hasa pale mafundi walipokorogea zege. Ukitaka uhakika, chota udongo sehemu nane, changanya, upeleke nusu kilo maabara ya udongo ya Kawanda, karibu na Kampala, barabara ya Bombo.

Sasa magugu, na hapa ndipo naona watu wengi wakilia. Udongo mweusi wa kununua huja na lumbugu na ndago. Uchunguze kabla haujashushwa: ukiona vijiti vyeupe vyenye vifundo, ambavyo ni mizizi ya lumbugu, au viazi vidogo vyeusi vya ndago vilivyofungamana kama shanga, rudisha tipa. Lumbugu usiikate kwa jembe la kawaida, kwani kila kipande huchipua. Ing'oe kwa jembe uma, mizizi mizima, uianike jua la Januari. Ndago haiishi kwa kuchimba. Mwagilia uwanja ulio wazi, subiri wiki tatu itoe majani ya kutosha, ndipo unyunyizie dawa ya kuua magugu yenye glaifoseti. Dawa hupitia kwenye majani hadi kwenye viazi vyake, kwa hiyo kunyunyizia udongo mtupu ni kutupa pesa. Itakayochipua tena, rudia. Ukishapanda paspalamu, dawa hiyo hutaweza kuitumia bila kuua nyasi zako pia.

Mwisho ni kusawazisha. Uwanja uinamie mbali na ukuta, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, na usimame sentimita 2 chini ya vijia vya kupitia. Mwagilia, uache wiki mbili utulie, jaza panapobonyea. Kisha utembee juu yake udongo ukiwa na unyevu kidogo. Unyayo ukididimia kupita sentimita 1, pitisha roli nyepesi ya kushindilia na ungoje kidogo. Ikiwa Machi itafika kabla hujamaliza ndago, acha mvua hizo zipite, upande Septemba.