Chujio la bomba: nunua lile utakaloweza kulifungua mwenyewe

Maji yalirudi Jumamosi asubuhi baada ya mgao wa siku mbili. Bomba la jikoni lilikohoa, likatema upepo, likatoa maji ya rangi ya chai, kisha yakasafika na kubaki kamstari kembamba kama uzi wa kushonea. Huko uani bomba la nje lilikuwa linabubujika kwa nguvu zake zote. Nikajua tatizo si mgao tena, liko mdomoni mwa koki ya sinki.

Nikamwita fundi. Alikuja na plaizi, akaibana ile nati ndogo ya mdomoni, akaizungusha, akaitoa na wavu wake, akaitupa kwenye ndoo ya taka. "Dada, hiki kidude kinakunyima maji bure." Maji yakaja kwa kishindo hadi yakarukia pazia la dirisha. Nikamlipa na kumshukuru kwa moyo.

Jioni nikiwa namwaga taka nilikikuta kile kidude, nikakigongagonga kwenye kiganja nione kilikuwa na nini. Kilitoa mchanga mwekundu kama nusu kijiko cha chai, na vipande vyeupe vinavyokatika kama ganda la yai. Kulikuwa na vijiuzi vyeupe vya ile tepu ambayo mafundi huizungusha kwenye nyuzi za bomba. Na kulikuwa na vipande vidogo vilivyojikunja vya plastiki ya kijani. Hivi vya mwisho ndivyo vilivyonishtua, kwa sababu mabomba ya ndani ya nyumba yetu ni ya kijani, na wiki mbili kabla tulikuwa tumekata bomba kwa msumeno ili kuunganisha bafu la wageni. Unga wa msumeno ule haukusafishwa. Ulibaki humo ndani, ukasukumwa na maji mpaka kwenye sinki langu.

Kwa hiyo kile kidude hakikuwa kinaninyima maji. Kilikuwa kinaniambia mabomba yangu yana nini ndani, nasi tukakitupa.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Wali ukaanza kulia krachu kwenye meno. Nilimlaumu muuza mchele, nikabadilisha duka, nikachambua mchele mara mbili juani, na bado krachu. Ilinichukua karibu mwezi kukubali kwamba mchanga hautoki kwenye mchele, unatoka kwenye maji ninayooshea huo mchele. Kisha koki yenyewe ikaanza kudondosha usiku. Nikawa naikaza, na kadiri nilivyoikaza ndivyo ilivyozidi.

Safari hii alikuja fundi mwingine, mzee wa makamo, mtaratibu. Alifunga maji, akaifungua koki kutoka juu, akanionyesha visahani viwili vidogo vya kauri ambavyo hupishana ndani yake kila unapofungua na kufunga. Vilikuwa vimechanjwa mistari. Nikamwambia nimeelewa, nitarudisha chujio la mdomoni ili mchanga usiharibu koki mpya. Akatabasamu, akasema, "Hapana mama. Chujio la mdomoni liko mbele ya koki. Mchanga ukifika pale umeshapita kwenye koki." Alichora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta: bomba, koki, mdomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumba inahitaji machujio mawili yenye kazi mbili tofauti, na jambo hili ndilo limenifanya niandike, maana naona watu wananunua moja wakitegemea lifanye kazi ya lingine.

La kwanza ni la kwenye njia ya maji yanapoingia nyumbani, baada ya mita na kabla ya tangi. Hilo ndilo linalolinda koki, boya la tangi, boya la choo, mashine ya kufulia na kila kitu kilicho mbele yake. Mafundi wanaliita chujio la Y kwa sababu lina mguu uliochomoza kwa mshazari. Ndani ya mguu kuna wavu wa chuma usioshika kutu, umekunjwa kama bomba dogo, na mwisho wa mguu kuna kifuniko cha kufungua kwa spana. Kwenye mwili wake kuna mshale. Mshale uelekee maji yanakokwenda, na mguu uangalie chini ili uchafu utulie humo. Likae upande wako wa mita. Upande wa pili si wako, usikate kitu huko.

La kwetu lilifungwa vizuri isipokuwa kosa moja: mguu ulibaki vidole vitatu kutoka kwenye sakafu ya saruji. Kifuniko kinafunguka, ila wavu hauna nafasi ya kuchomoka. Ilibidi tuchimbe sakafu. Kwa hiyo kabla fundi hajaondoka, mwambie alifungue chujio lote mbele yako, autoe wavu, aurudishe. Kama yeye anahangaika, wewe hutaweza, na chujio lisilofunguliwa litajaa mpaka lizibe. Hakikisha pia kuna koki ya kufungia maji kabla yake. Bila hiyo utaoga ukiwa na nguo.

La pili ni la mdomoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo ambalo kila mtu anaweza kulifunga leo, hata mpangaji asiyeruhusiwa kugusa bomba la mwenye nyumba. Bei yake haifiki ya kilo ya nyama. Yapo ya namna mbili. Moja ni wavu mtupu. Lingine linachanganya maji na hewa. Maji hutoka meupe, laini, bila kurukaruka, na yanatumika kidogo. Hili la hewa ni zuri kama maji yako yanakuja moja kwa moja kutoka mtandao wa mji na yana msukumo. Ila kama unategemea tangi la juu, piga hesabu kwanza. Kila mita 10 za kimo zinatoa takribani baa 1 ya msukumo. Tangi letu liko kama mita 3 juu ya koki, yaani baa 0.3 tu. Nililifunga lile la hewa na ndoo ikachukua muda wa kuchemsha chai kujaa. Nikaligeuza kuwa la wavu mtupu, wenye matundu ya kawaida, si yale madogo kabisa, na mambo yakatulia.

Ukienda kununua, nenda na la zamani mfukoni. Kuna koki zenye nyuzi kwa nje na nyingine kwa ndani, na vipimo vinakaribiana kiasi kwamba jicho linadanganyika. Muuzaji atakuambia hili linaingia kote. Mwambie alijaribu hapo hapo kwenye koki ya dukani. Kisha angalia jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza: lina pindo lenye mikwaruzo la kushika kwa vidole? Yapo yaliyozama ndani ya mdomo wa koki, yanadai kifaa chake maalumu cha kufungulia. Yanapendeza, lakini kifaa kile kitapotea, na siku hiyo utarudi kwenye plaizi na ndoo ya taka.

Kwa nini nasisitiza kufungua? Kwa sababu ya maji yetu. Maji ya Dodoma mengi ni ya visima, hasa vya bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Vipimo vya visima vile vilivyowekwa tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba maji ya chini hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998. Miaka mingine mvua inanyesha, tunalima, lakini chini hakiingii kitu cha maana. Kwa hiyo maji tunayotumia yamekaa kwenye miamba muda mrefu, yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo sababu sabuni ya mche inagoma kutoa povu na birika linaota gamba jeupe. Gamba hilo hilo linaota kwenye wavu wa chujio, tone kwa tone, kila maji yanapokauka. Hata kama mtaani kwako hakuna chembe ya mchanga, wavu utaziba kwa chumvi peke yake. Ongeza vumbi la Julai hadi Septemba linaloingia kwenye tangi lenye kifuniko kilichopinda, utapata picha.

Mimi la mdomoni nalifungua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kila mara maji yanaporudi baada ya mgao mrefu. Kwanza naziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu ile washa ya mpira, kipete cha kuzuia kuvuja, ni ndogo na inapenda kudondokea humo. Nalishika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kinanata kuliko kitambaa na hakichubui kama plaizi. Ukiinama ukalitazama kutoka chini, unazungusha kinyume cha mshale wa saa. Vipande navipanga kwenye sahani kwa mpangilio vilivyotoka: washa, wavu, kikombe chake. Mara ya kwanza vipige picha kwa simu, utanishukuru wakati wa kurudishia.

Mchanga unatoka kwa mswaki wa zamani, ukisugua kutoka upande wa pili wa wavu, yaani ule unaotazama sinki. Gamba jeupe halitoki kwa mswaki. Lilowekwe kwenye siki nyeupe. Utaona vipovu vidogo vinapanda, hiyo ndiyo siki inayeyusha chokaa. Sehemu ya plastiki na wavu wa chuma kisichoshika kutu naziacha saa kadhaa. Kile kikombe kinachong'aa nakitoa baada ya nusu saa, kwa kuwa siki ikikaa sana inaharibu mng'ao wake. Maji ya ndimu nayo yanafaa. Na tafadhali, siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu, na jikoni kwenye dirisha dogo si mahali pa kujaribu.

Kurudishia ni kwa mkono tu. Likivuja pembeni, shida ni washa imekaa upande au imechakaa, si nguvu za mkono wako.

Siku maji yanaporudi, usianze na jikoni. Fungua kwanza bomba la nje, lile la chini kabisa, yaache yateme upepo na kutu kwenye ndoo mpaka yatakate. Maji hayo hayapotei, yanadekia uwanja na kumwagia migomba. Kisha vua chujio la jikoni, fungua koki kidogo kidogo, na ukiona maji yametakata ndipo ulirudishe. Hivyo hivyo fundi akikata bomba lolote ndani ya nyumba: machujio yote yavuliwe, maji yapite bure dakika kadhaa, ndipo yafungwe. Kama tungefanya hivyo siku ya bafu la wageni, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Sasa jambo ambalo nalisema kwa uzito wote. Chujio hili halifanyi maji kuwa salama ya kunywa. Linazuia unachoweza kukiona au kukisikia kwenye meno. Kijidudu cha kipindupindu urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita, kinapita kwenye wavu ule kama mbuzi anavyopita kwenye lango la mji. Chumvi zilizoyeyuka nazo zinapita, pamoja na floraidi, ambayo kwa majirani zetu wa Singida ni tatizo la baadhi ya visima, na ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kunywa endelea kuyachemsha au kuyatia dawa kama ulivyofanya siku zote. Na wavu wenyewe ukiachwa na utelezi unakuwa makazi ya vijidudu, hiyo ni sababu nyingine ya kuufungua.

Na kitambaa? Najua nyumba nyingi wanafunga kipande cha kanga mdomoni mwa bomba, na sidharau, mama mkwe wangu kule Kongwa amefanya hivyo miaka mingi na mchanga umekamatwa mwingi. Ila kile kitambaa kinashinda kibichi, kinaota ukijani, na nzi wanatua juu yake. Nilipokwenda mwezi wa sita nilimsalimu, akaitikia marahaba, kisha akaniona natazama bomba lake. "Mwanangu, usikitoe, maji ya huku yana udongo." Sikukitoa. Nilimwomba anifungulie kile kichwa cha kuchomekea mpira wa maji, ndani yake nikaweka washa ya mpira yenye wavu uliochomoza katikati kama kofia, zile zinazowekwa kwenye mipira ya mashine za kufulia. Nikakifunga kichwa juu yake. Kitambaa chake nikakifunga tena pale pale, juu ya vyote.

Baada ya wiki mbili alipiga simu. Kitambaa kilikuwa kinabaki safi, akasema, kwa hiyo amekivua na kukifanyia kitu kingine. Alitaka kujua washa ile inapatikana ya robo tatu ya inchi, maana bomba la jirani yake ni kubwa kuliko lake.