Diski Ikigoma Kumauntika (Kuunganishwa na Mfumo): Majibu kwa Watumiaji wa Linux

Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu. Nikiwa Ubuntu (aina ya Linux), patisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, inafunguka ila hainiruhusu kuhifadhi kitu. Picha za wateja ziko humo. – Mpiga picha, Kisumu

Picha zako ziko salama, dada. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, mfumo huo hauzimiki wote. Hubakiza kumbukumbu yake ndani ya faili iitwayo hiberfil.sys. Linux ikiikuta hali hiyo, huifungua patisheni kwa kusoma tu, na inafanya vyema. Ingia Windows, uandike `shutdown /s /t 0`. Ukitaka tatizo liishe kabisa, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Utashauriwa utumie chaguo la mount liitwalo `remove_hiberfile` ukiwa Linux. Usikubali: hiyo huifuta kumbukumbu hiyo pamoja na kazi yoyote uliyoiacha wazi bila kuhifadhi.

Niliongeza diski ya pili kwenye /etc/fstab, faili ya orodha ya diski za kumaunti kompyuta ikiwaka. Stima ilipopotea na kurudi, kompyuta ya ofisi ikakwama kwenye “emergency mode”. – Karani, Bungoma

Weka nenosiri la root (msimamizi mkuu), uandike `mount -o remount,rw /`, kisha `nano /etc/fstab`. Tia alama ya # mwanzo wa ule mstari ulioongeza, uwashe upya. Itawaka.

Nadhani uliandika /dev/sdb1. Jina hilo hubadilika: leo sdb, kesho sdc, kutegemea diski iliyotambuliwa kwanza. Chukua UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) kwa `blkid`, uandike hivi:

`UUID=xxxx /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2`

Hapo kwenye xxxx weka namba yako. Neno `nofail` ndilo litakalokuokoa, maana huiacha kompyuta iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Kabla ya kuzima, jaribu `findmnt --verify` halafu `mount -a`. Kosa lionekane ukiwa bado una mashine inayofanya kazi.

Nikitaka kuchomoa diski naambiwa “target is busy”. – Mwanafunzi, Kakamega

`fuser -vm /mnt/data` itakuonyesha anayeishikilia. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyo ndani ya folda hiyo. Andika `cd ~` ujaribu tena.

Diski yangu inalia tik-tik, na mount inasema “wrong fs type, bad option, bad superblock”. Fundi anataka kupiga fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili. – Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, tafadhali mzuie. Fsck huandika kwenye diski, na diski inayolia hivyo huenda inakufa. Kama mna faili zisizo na nakala popote, izime sasa hivi uipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data. Kila dakika inapozunguka inazidi kujikwaruza.

Kwa msomaji mwenye ujumbe huohuo lakini diski yake iko kimya: angalia kwanza `sudo dmesg | tail`, yaani ujumbe wa mwisho wa mfumo. Ukiona “I/O error”, nakili diski nzima kwenye nyingine yenye nafasi zaidi:

`ddrescue -d /dev/sdb /mnt/nzima/nakala.img /mnt/nzima/ramani.log`

Matengenezo yote yafanyie kwenye nakala hiyo. Usipoona “I/O error”, piga `lsblk -f`. Wengi humaunti sdb (diski nzima) badala ya sdb1 (patisheni yake). Kama mfumo wa faili ni ext4 na superblock (bloku yenye maelezo yake makuu) ndiyo iliyoharibika, nyingine za akiba zipo: `e2fsck -b 32768 /dev/sdb1` hufaa kwa patisheni nyingi zenye bloku za 4K, patisheni ikiwa haijamauntiwa.