Usiitoe hiyo hela ya kikundi

Mdogo wangu wa Kasulu, hiyo hela usiitoe. Unasema umeomba muda mrefu na unaona kimya, biashara ya mawese imelala, mume hataki kusikia habari za kanisa, na sasa kuna mtumishi kakwambia uwepo wa Mungu umeondoka nyumbani kwako mpaka upande mbegu, yaani utoe sadaka ya hela, Ijumaa hii. Na mbegu yenyewe ni mkopo uliochukua kikundini wiki iliyopita. Sitakubembeleza. Njia hiyo nimeipita na najua inakoishia.

Mimi ni muuza dagaa hapa Kigoma, nanunulia mwalo wa Kibirizi. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Mnaokumbuka mnakumbuka hali ilivyokuwa: mitumbwi imevutwa nchi kavu, chanja tupu, wanawake tumekaa tunaangaliana. Kipindi hicho ndipo nikaenda kwenye maombi ya mtumishi mmoja aliyekuwa mjini na mikutano yake. Akanisimamisha mbele ya watu akasema, "Mama, nakuona, biashara yako imefungwa." Nikalia pale pale. Nikajua huyu kaonyeshwa.

Jamani, kaonyeshwa nini? Biashara ya dagaa ilikuwa imefungwa Kigoma nzima, kwa tangazo, redioni! Mtu anachukua habari ambayo hata mtoto wa darasa la pili anayo, anamuuzia mama mwenye njaa na kuiita ufunuo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata hela. Angesema "nipe nauli ya kurudi kwetu" ningempa, na tungeachana kwa heri.

Akatusomea mjane wa Sarepta, yule aliyempa Eliya mkate kwanza kabla ya kula yeye na mwanawe. Mimi nilikuwa na shilingi 850,000. Nyingine ilikuwa mtaji niliokopa kikundini nikisubiri ziwa lifunguliwe. Nyingine ilikuwa hela ya bati za mama yetu kijijini. Ndugu zangu walichanga wakaniachia nitunze, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu na maduka ya vifaa. Bahasha tuliyogawiwa ilikuwa na mstari wa jina, mstari wa kiasi na mstari wa hitaji. Kwenye hitaji nikaandika "milango". Nikatia zote.

Ziwa likafunguliwa. Wenzangu wanagombea ndoo za dagaa alfajiri, taa za mitumbwi hazijazimwa hata, mimi nimesimama pale na beseni halina kitu. Kikundi kikadai marejesho. Walionidhamini ni akina mama wawili wenye watoto kama mimi, wakalipa kutoka mfukoni, mmoja ikabidi auze vitenge vyake. Mvua za Novemba zikamkuta mama chini ya nyasi zile zile kuukuu, usiku anahamisha godoro kutoka kona hii kwenda ile. Kaka yangu akaniuliza bati ziko wapi, nikamjibu nimemtolea Mungu. Hakugomba. Jioni akanitumia ujumbe wa mstari mmoja: Marko 7:11. Nikafungua. Yesu anawakemea watu wanaochukua kilichopaswa kumsaidia baba au mama, wakasema ni Korbani, kimewekwa wakfu, basi mzazi asipewe tena kitu. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini.

Tangu hapo nina sheria moja, na ningeweza ningeibandika kwenye kila mlango wa kanisa kuanzia Ujiji hadi Kibondo: hela yenye jina la mtu haigeuzwi sadaka. Kabla hujanyanyua mkono, iulize hiyo noti ni ya nani. Ya kikundi? Irudi kikundini. Ya ada ya mtoto? Ya mtoto. Ya mama? Peleka kwa mama. Ikibaki isiyo na jina la mtu, hiyo ni yako, toa hata yote kama moyo umekutuma. Mimi zaka natoa na sina mpango wa kuacha. Ila mchungaji wangu hajawahi kunitajia kiasi wala kunipangia siku ya mwisho.

Na kwa kuwa Sarepta wataisoma tu, waombe wasome na 2 Wafalme sura ya 4. Kuna mjane pale, mume kafa, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Elisha hakumwambia apande mbegu. Alimuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe amimine. Mafuta yalipokoma, nabii akamwambia akayauze, alipe deni, kinachobaki aishi nacho yeye na wanawe. Tafuta mstari ambao Elisha alichukua fungu lake. Haupo. Deni lililipwa kwanza, watoto wakala. Wewe unayeuza mawese ndiye wa kwanza kupaswa kuijua sura hiyo.

Kuhusu hicho kimya. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanapumzika, maana dagaa huifuata taa kukiwa giza, na mwezi ukiangaza taa haina nguvu. Kila mwezi tunapita siku hizo. Hakuna anayesema ziwa lina laana, tunasubiri giza lirudi. Sasa mawese yako kulala wiki kadhaa, nani kakuthibitishia ni Mungu kaondoka?

Mimi nilimwona baada ya kuishiwa kabisa. Yule mama aliyeuza vitenge kwa ajili ya deni langu ndiye aliyenijia mwaloni akanigawia nusu ya ndoo yake, akasema nianike, nikiuza nimlipe. Mtu niliyemtia hasara! Na nikikumbuka Yohana 21, wanafunzi wamevua usiku kucha hawajapata kitu, halafu wakakuta Yesu ufukweni ameshawasha makaa, samaki wako juu na mkate upo, anawaita waje wafungue kinywa. Chakula kilikuwa tayari kabla hawajaleta cha kwao. Kibirizi asubuhi kuna moshi wa akina mama wanaochoma migebuka na kupika chai, watu wametoka ziwani wamelowa, wanakula kabla hata ya hesabu. Pale naomba, tena naomba vizuri kuliko nilivyoomba kwenye ule mkutano, na naamini kabisa kwamba yupo.

Fanya hivi. Mpigie mwenyekiti wa kikundi usiku huu, mwambie unayo hela na unaogopa kukaa nayo ndani mpaka Ijumaa. Kesho mkakae na katibu, yeye aandike kwenye daftari kiasi ulichorudisha, wewe usaini, kiasi cha kununulia madumu ya mawese ubaki nacho mbele ya mashahidi. Mtumishi akikupigia mwambie akuombee hivyo hivyo ulivyo. Mathayo 10:8 inamwamuru atoe bure kwa kuwa amepata bure.