Muulize Mhazili: Jina la sura lijiandike lenyewe juu ya ukurasa

*Shikamoo Mama. Nina duka la steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni kuchapa tasnifu. Mteja anataka jina la kila sura lionekane kwenye heda, yaani ile nafasi ya juu, ya kurasa zake. Nimeikata kazi kwa "Section Break" (mkato wa kugawa hati katika sehemu) kila sura, nikaandika majina kwa mkono. Nikirekebisha la sura ya tatu, la sura ya pili nalo linageuka. Na msimamizi wake habanduki kwenye kubadilisha vichwa. Nifanyeje?*
Mchapaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Yanageuka kwa sababu heda zimeunganishwa na "Link to Previous", inayoifanya heda ya sehemu moja iwe sawa na ya sehemu iliyotangulia. Ungeweza kuzitenganisha moja moja, lakini kwa msimamizi wa aina hiyo utazeeka kabla ya mteja wako kuvaa joho. Futa hizo "Section Break". Bakiza ile inayotenganisha kurasa za mwanzo na Sura ya Kwanza, pamoja na zile zinazozunguka jedwali lililolazwa kwa upana.

Sasa, hivyo vichwa vya sura umevichapaje? Kama umekoza herufi na kuongeza ukubwa tu, programu ya Word haijui kuwa ni kichwa. Vipe staili (mtindo wenye jina) ya "Heading 1". Najua wachapaji wengi wanaikwepa kwa sababu inakuja na rangi ya bluu na chuo kinataka Times New Roman nyeusi. Ibadilishe staili yenyewe kwa "Modify", vichwa vyote vitafuata.

Ukishamaliza hapo, bofya mara mbili sehemu ya juu ya ukurasa heda ifunguke. Ingia "Insert", "Quick Parts", "Field", chagua "StyleRef" (inayonakili maandishi yenye staili utakayoitaja), kisha "Heading 1", bonyeza OK. Basi. Msimamizi akisema "Mapitio ya Maandishi" iwe "Mapitio ya Kazi Tangulizi", unarekebisha ndani ya sura tu. Heda inasoma yenyewe. Ukiona ujumbe unaoanza na "Error! No text of specified style", ujue hakuna kichwa hata kimoja kilichopewa staili hiyo.

Tasnifu zetu zina mtego wake, nao huu hauandikwi kwenye vitabu vya kompyuta. Tunaandika SURA YA PILI mstari wa kwanza, jina la sura mstari wa pili, na vyote tunavipa "Heading 1". StyleRef hutafuta kwanza ndani ya ukurasa husika, toka juu kwenda chini. Ikikosa inarudi nyuma. Ikikosa na huko inakwenda mbele. Kwa hiyo ukurasa unaofungua sura utaandikwa "SURA YA PILI", na kurasa zinazofuata zitaandikwa jina la sura. Mteja atadhani umelewa. Usijaribu kuziunganisha hizo mistari kwa Shift na Enter, maana mkato huo utapanda nao hadi kwenye heda. Tengeneza staili mpya, iite "Namba ya Sura", uipe mstari wa kwanza. "Heading 1" ibaki kwa jina. Kwenye heda weka StyleRef mbili, moja kwa kila staili, katikati nukta mbili. Halafu usisahau kuiongeza "Namba ya Sura" kwenye "Options" za jedwali la yaliyomo.

Kwa utaratibu huohuo wa kutafuta, ukurasa wa tabaruku usiokuwa na kichwa cha staili hiyo utaazima jina la Sura ya Kwanza. Ndiyo maana nimekuambia ubakize ile "Section Break" ya kabla ya Sura ya Kwanza. Hapo, na hapo tu, ondoa "Link to Previous".

Wakikuomba na vichwa vidogo, yaani "Heading 2", mimi ningekataa. Sura ya tatu ikianza na utangulizi mrefu kabla ya 3.1, heda itaendelea kutangaza kichwa kidogo cha mwisho cha sura ya pili.

*Naandaa kamusi ya lugha ya kwetu. Nawezaje kuonyesha juu ya kila ukurasa neno la kwanza na la mwisho la ukurasa huo?*
Mwalimu mstaafu, Same

Mwalimu, kazi yako ndiyo StyleRef inayoiweza kuliko zote. Tengeneza staili ya herufi, si ya aya, uiite "Kidahizo", na uvivike vidahizo vyote, yaani maneno unayoyafafanua. Ndani ya heda bonyeza Ctrl na F9 upate mabano maalumu (ya kuchapa kwa mkono hayafanyi kazi), andika ndani yake STYLEREF Kidahizo. Weka kistari, kisha mabano mengine yenye STYLEREF Kidahizo \l. Hiyo \l inaiamuru ianze kutafuta chini ya ukurasa kwenda juu. Maliza kwa F9. Ukurasa uliojazwa na maelezo ya neno moja utaonyesha neno hilohilo pande zote mbili, na ndivyo inavyotakiwa.

*Ofisini tunatumia LibreOffice badala ya Word. Hiyo StyleRef ipo?*
Karani, Tanga

Ipo tangu toleo la 7.6 la mwaka 2023: "Insert", "Field", "More Fields", kichupo cha "Cross-references", chagua "Styles". Kama mna toleo la zamani, tumieni "Chapter" kwenye kichupo cha "Document". Jina la sura mtalipata, ila kwa kamusi ya Mwalimu haitafaa.